Nimemaliza kitabu cha Jaws: muvi imekipiga kitabu na sioni haya kusema

#1 Tezi_na_Omo (Lamu)
Salamaleko wana jukwaa. Tangu shule naambiwa kitabu siku zote kinashinda muvi, nami nikawa naitikia tu. Sasa kuna mgeni kaacha mzigo wa vitabu nyumba ya wageni huku Shela, nikaokota Jaws cha Peter Benchley, kile cha jalada la papa anapanda kutoka chini na mwanamke yuko juu anaogelea hana habari. Muvi naijua, nikiwa nimelala naweza kukwambia nani analiwa saa ngapi. Kitabu nimekimaliza na nasema wazi, Steven Spielberg, dairekta wa muvi, alimwokoa huyu bwana.

Kitabu kimetoka 1974, muvi 1975, na katikati hapo karibu kila kitu cha maana kimegeuzwa. Kitabuni Ellen, mke wa Brody mkuu wa polisi, analala na Hooper, yule mtaalamu wa papa. Meya ana madeni ya mafia. Wakienda kumwinda papa wanatoka asubuhi, jioni wanarudi kulala majumbani. Hooper anafia kwenye kizimba cha kuzamia. Quint, mvuvi wa papa mwenye mashua, ananaswa mguu na kamba anazamishwa, haliwi. Na papa mwenyewe, baada ya kurasa zote hizo, anakuja mpaka karibu kabisa na Brody halafu anakufa kwa majeraha, halipuki kama kwenye muvi, anazama, Brody anapiga miguu kurudi pwani, kitabu kimekwisha. Niligeuza ukurasa nikidhani kuna mwingine umeng'oka. Anayekitetea aje.

#2 kaskazi_88
Umetoboa yote bana, wengine hatujasoma

#3 Tezi_na_Omo
Kaka kitabu kina miaka hamsini. Siri gani tena.

#4 BintiShela
Naja kukitetea na sitoki hapa mapema.

Wewe umekisoma kama kitabu cha papa ndio maana kimekuchosha. Papa yumo, sawa, lakini hebu uangalie huo mji wa Amity. Ni mji unaokula kwa mgeni. Miezi mitatu ya kiangazi matajiri wanakuja na nyumba zao kubwa, mwaka mzima uliobaki wenyeji wanaishi kwa kile kilichobaki mfukoni. Ellen alikuwa mtoto wa hao matajiri, akaolewa na polisi mzaliwa wa pale, na sasa yuko katikati, wenyeji hawamwoni wao, wale wa zamani wamemsahau. Hooper anapokuja, anakuja na ule ulimwengu wake wa zamani, hata kakake Hooper aliwahi kutoka naye. Huyo mwanamke hakumtaka Hooper. Alitaka kurudi alikotoka, hata kwa mchana mmoja.

Nyinyi mnaoishi Shela mnaniambia hamjui hadithi hii? Spielberg kaitoa yote kabakisha wanaume watatu na mashua.

#5 Banda_la_Mtoro (Malindi)
Mimi nimeiona hii muvi kwenye banda la video zamani, ile ya DJ anatafsiri. Sasa hapo mnaponiambia meya ni mafia nashangaa, DJ alisema meya ni shemeji ya polisi ndio maana hawezi kumfunga 😂 na papa alikufa kwa umeme, aliuma waya mkubwa wa stima chini ya bahari akakauka. Hiyo ya kufa kwa majeraha na hiyo ya kulipuka nyote hamkumaliza kuangalia.

#6 Mwalimu_Darasa_Wazi
@Banda_la_Mtoro hiyo ya waya wa umeme ni Jaws 2, ya mwaka 1978, na dairekta ni mwingine kabisa. Ya kwanza papa analipuka, Brody anapiga risasi mtungi wa hewa alioubana papa mdomoni. Ya shemeji sijui DJ kaitoa wapi.

#7 Banda_la_Mtoro
Mwalimu mimi niliiona kwa macho yangu mawili nimelipa na pesa. Kama ni ya pili basi ya pili ndio ya kweli.

#8 kaskazi_88
Kwa hiyo tuna matoleo matatu, ya Benchley, ya Spielberg na ya DJ. Mimi niko na DJ.

#9 Mkuku_wa_Jahazi (Lamu)
Yambo wanangu. Mimi vitabu vya Kizungu sina habari navyo, lakini muvi nimeiona kwa watoto wangu, na bahari naijua, mato yangu yameona mai tangu sijabaleghe. Nataka kusema neno moja kuhusu hao wanaume watatu.

Huyu Tezi amesema kitabuni wanatoka asubuhi wanarudi jioni? Wanarudi kulala majumbani? Hapo kitabu kimekosa adabu ya kazi. Samaki mkubwa humfuati kwa kurudi kula wali kwa mke. Watu huenda dago, wanakaa huko kisiwani siku na siku na mchele wao na maji yao, wanavua, wanaanika ng'onda, ndio wanarudi. Na ni huko dago usiku ndiko mtu unamjua mwenzio. Ile pahala kwenye muvi wamekaa ndani ya mashua wanaoneshana makovu, huyu kaumwa na nini, huyu kaumwa na nini, wanacheka, halafu yule mzee Quint anaanza kusimulia habari ya meli iliyozama na watu wakaliwa na papa, kila mtu kimya. Hapo ni dago kabisa. Aliyeandika hiyo amekaa na mabaharia.

#10 Tezi_na_Omo
Shikamoo ami. Na hiyo hotuba ya Quint haimo kitabuni hata neno moja. Hiyo ndiyo pointi yangu. Kitu bora kwenye hadithi yote kimeongezwa na watu wa muvi.

#11 BintiShela
Shikamoo mzee Mkuku. Kwa heshima zote, huko kurudi nyumbani kila jioni ndiko kunakofanya kitabu kiume. Brody anatoka baharini na mtu anayemshuku kwa mkewe, anaingia ndani mke yuko jikoni, hasemi, hasemwi, kesho asubuhi anapanda tena mashua ileile na mtu yuleyule. Mpaka wanakabana koo na Hooper. Ukiwafungia wote baharini usiku kucha hayo yote yanakufa.

Nakubali hotuba ni nzuri. Sikatai.

#12 Mkuku_wa_Jahazi
Marahaba wanangu. Binti kasema vizuri lakini mimi nisingepanda mashua na mtu huyo.

#13 Mwalimu_Darasa_Wazi
Kwa kuwa hotuba imetajwa: meli anayoisimulia Quint, USS Indianapolis, ni ya kweli. Ilikuwa imepeleka vifaa vya bomu la atomiki kisiwa cha Tinian, halafu ikiwa njiani kwenda Leyte, Ufilipino, ikapigwa torpedo na nyambizi ya Japani tarehe 30 Julai 1945. Walionusurika ni 316. Quint kwenye muvi anataja tarehe 29 Juni, hiyo si sahihi, mwezi mzima umepotea. Idadi ya 316 ameipata. Pia anasema watu 1,100 waliingia majini, kwa kweli walikuwa kama 900, karibu 300 walizama na meli yenyewe. Na wengi waliokufa majini walikufa kwa kiu, jua na maji ya chumvi, papa ni sehemu tu.

#14 Resepsheni_Zamu_ya_Usiku
Mzee wa miaka hiyo, amekunywa pombe usiku, unataka akumbuke tarehe? Mimi naona kukosea kwake ndio uhalisia

#15 Mwalimu_Darasa_Wazi
Mtu aliyeelea majini siku nne akisubiri kuliwa tarehe anaikumbuka.

#16 kusi_linavuma
Nani hasa aliiandika hiyo hotuba? Nilisoma ni John Milius.

#17 Tezi_na_Omo
Wengine wanasema Howard Sackler ndiye aliyeleta wazo na rasimu ya kwanza, Milius akairefusha, halafu Robert Shaw mwenyewe, yule aliyecheza Quint, akaipunguza ikawa ilivyo. Shaw pia alikuwa mwandishi wa riwaya na tamthilia, si mwigizaji tu. Kila mmoja ana wafuasi wake hapo.

#18 kusi_linavuma
Mimi nakaa na Shaw. Mtu aliyeitamka vile lazima kaigusa kwa mkono wake.

#19 Fundi_wa_Matondoni
hotuba ni watu wanne mnabishana mashua hamuizungumzii. hiyo Orca ya Quint ni chombo gani kile. papa anavuta kwa nyuma maji yanaingia tezi yote yule mzee anaongeza moto injini mpaka inakufa na bado wanamwita nahodha. huku kwetu ungevuta kamba na papa mkubwa vile ungekata kamba kwanza maneno baadaye

#20 Mkuku_wa_Jahazi
Fundi umenena. Quint alikuwa anataka kufa yule.

#21 BintiShela
Kitabuni pia anakataa kukata tamaa, ila huko kisa chake ni kiburi na pesa. Muvi imempa sababu, kwamba yeye alinusurika ile meli na kutoka hapo ana ugomvi wa binafsi na papa. Hapa nawapa alama moja. Quint wa kitabuni ni katili tu, kuna pahala anatumia mtoto wa pomboo aliyetolewa tumboni mwa mama yake kama chambo, mpaka Hooper anakasirika.

#22 Mkuku_wa_Jahazi
Pomboo? A'udhubillahi. Huyo acha afe.

#23 Resepsheni_Zamu_ya_Usiku (Lamu)
Mimi nataka kumtetea mtu ambaye hakuna anayemtetea, meya.

Nimefanya kazi za hoteli tangu nimalize fomu foo. Mwaka 2011 wageni walipotekwa Kiwayu na Manda, serikali za nje zikatoa onyo watu wasije Lamu, na simu za kufuta buking zilikuwa zinaingia mpaka nikawa naogopa kushika simu. Wapishi, wafua nguo, vijana wa mashua, wabeba mizigo wa jeti, wote wakarudi nyumbani. Bosi wangu wa wakati ule, sitasema wa hoteli gani, alikuwa anatuambia tukiulizwa tuseme hali ni shwari kabisa hakuna tatizo, na mshahara wa miezi hiyo mpaka leo nausikia tu. Kwa hiyo meya anaposema fukwe zisifungwe kabla ya sikukuu yao ya tarehe 4 Julai, wazungu wanaotazama wanamwona shetani. Mimi namwona bosi wangu. Nilimchukia lakini nilielewa hesabu yake.

Na hapa nadhani kitabu kimekosea kumtia meya mambo ya mafia. Ukishasema mafia umeshampa kisingizio. Meya wa muvi hana mafia, ana mji tu na msimu na lile koti lake la nanga. Anatisha zaidi.

#24 Tezi_na_Omo
Hii ndiyo posti ya uzi mzima.

#25 BintiShela
@Resepsheni pole kwa mshahara. Lakini mimi naona mafia haikuwekwa kwa bahati mbaya. Mji wa wageni siku zote una mtu nyuma yake ambaye ardhi ni yake na jina halionekani. Nani ananunua viwanja? Nani ameshika deni la nani? Benchley aliuliza, Spielberg hakuuliza. Huku kwetu swali la nani mwenye kiwanja ni dogo?

#26 kaskazi_88
Dada hapo umegusa waya wa stima wa Jaws 2 😂 tuache viwanja tafadhali, uzi utafungwa

#27 Mzamiaji_Watamu
Nimechelewa. Kuhusu mtungi: napiga mbizi na wageni, mitungi naibeba kila siku. Ile ni hewa iliyobanwa, haishiki moto. Ukiitoboa kwa risasi itatoka kwa nguvu kubwa, mtungi utaruka na unaweza kumuumiza mtu vibaya sana, lakini ule mlipuko wa kumsambaza papa vipande mpaka nyama zinanyesha, hapana. Kwa hiyo mwisho wa kitabu, papa aliyechomwa vyuma siku kadhaa akachoka akafa, ndio wa kweli.

#28 Tezi_na_Omo
Benchley mwenyewe aliupinga mwisho huo kwa sababu hiyohiyo, akasema hakuna atakayeamini. Spielberg jibu lake lilikuwa, nikishawashika watazamaji saa mbili wataamini lolote nitakalowapa. Na ukumbi mzima ulisimama ukapiga makofi. Ukweli si kila kitu.

#29 Mzamiaji_Watamu
Kwa hiyo unapenda uongo uliopangwa vizuri.

#30 Tezi_na_Omo
Ndiyo. Hiyo ndiyo kazi ya hadithi.

#31 kusi_linavuma
Swali: kwa nini Hooper wamemwacha hai kwenye muvi? Mimi nilisikia ni kwa sababu watu walimpenda Richard Dreyfuss aliyemcheza.

#32 Mwalimu_Darasa_Wazi
Hapana, ni picha za Australia. Wapigapicha wa chini ya maji, Ron na Valerie Taylor, walitumwa kupiga papa weupe wa kweli. Wakatengeneza kizimba kidogo na kumtia mtu mfupi ili papa aonekane mkubwa zaidi. Ikatokea papa mmoja akanaswa kwenye kamba za kizimba, akapigana nacho kweli kweli, lakini wakati huo ndani hakukuwa na mtu. Picha ilikuwa nzuri mno kuiacha. Basi wakabadilisha hadithi: Hooper katoroka kizimba, kajificha chini.

#33 BintiShela
Yaani papa ndiye aliyeandika skripti.

#34 kusi_linavuma
Sawa lakini wangeweza kumwua baadaye. Bado nasema ni kupendwa. Ukimtoa umalaya na mke wa mtu, Hooper anakuwa mtu mzuri, na mtu mzuri steringi hamuui.

#35 kaskazi_88
@kusi kwenye kitabu alikufa kwa sababu ya mke wa mtu basi. Adhabu.

#36 BintiShela
Na Ellen aliadhibiwa na nani? Maana nyinyi wanaume mmeshafunga kesi.

#37 kaskazi_88
Sijasema kitu 🙏

#38 Mwalimu_Darasa_Wazi
Kwa nini mapenzi ya Ellen na Hooper yalitolewa, hapo pia watu hawakubaliani. Wako wanaosema ni muda, hadithi ilikuwa inachelewa kufika baharini. Wako wanaosema Spielberg alisoma kitabu akajikuta anamshangilia papa kwa sababu hakumpenda mhusika yeyote, hivyo akataka watu wa kupendeka. Na kuna umbea kwamba ni kwa sababu aliyecheza Ellen, Lorraine Gary, alikuwa mke wa bosi mkubwa wa Universal, kampuni iliyotoa muvi. Hiyo ya mwisho mimi siitii maanani, Spielberg aliitaka itolewe tangu mwanzo.

#39 Banda_la_Mtoro
Hapo kwenye bosi wa kampuni DJ angepata maneno ya wiki nzima

#40 Fundi_wa_Matondoni
ile mashine ya papa ni kweli ilikuwa inaharibika kila siku

#41 Mwalimu_Darasa_Wazi
Kweli. Walitengeneza papa watatu wa mashine, wakawaita Bruce kwa jina la wakili wa Spielberg. Walijaribiwa kwenye maji baridi ya bwawa, baharini chumvi ikawala. Ratiba ilikuwa siku 55, wakapiga siku 159. Bajeti ya dola milioni 4 ikafika kama milioni 9. Na yeye Spielberg alikuwa kijana wa miaka 27. Ndipo akalazimika kumwonesha papa kwa mapipa ya njano, kwa jeti iliyokatika inayogeuka na kumfuata mtu, na kwa zile noti mbili za muziki wa John Williams.

#42 Fundi_wa_Matondoni
sasa hapo mimi kama fundi nacheka. unachukua mashine umeijaribu maji matamu unaitupa bahari ya chumvi bila kuipaka kitu. huku chombo hakiingii majini mpaka kimekalafatiwa pamba imeingia kila mwanya, chini kimepigwa deheni, juu kimepakwa sifa. na sifa yenyewe ni mafuta ya papa, unakata maini unayatia debe unayaacha juani au unachemsha polepole mafuta yanapanda juu unachota, harufu yake unakaa nayo mkononi ukioga na sabuni gani haitoki mkeo anakulaza barazani. wangemuuliza papa wa kweli angewapa mafuta wampake papa wa bandia

#43 Mkuku_wa_Jahazi
😀 Fundi leo umekuya na moto.

#44 Tezi_na_Omo
Na hapa ndipo hoja yangu inaposimama. Mashine imeharibika, papa hatumwoni, tunamwogopa zaidi. Kitabuni Benchley anamwonesha papa ukurasa wa kwanza kabisa, anakupeleka ndani ya kichwa chake, anakueleza anavyonusa na anavyohisi mtikisiko majini. Ukishamjua hivyo anakuwa samaki.

#45 BintiShela
Lakini ndiyo raha yake! Ule mlango wa kwanza ndio bora kuliko muvi nzima. Hakuna hasira humo, hakuna kisasi, samaki anatafuta chakula, na mwanamke amelewa kidogo anaogelea usiku. Muvi ndiyo iliyomfanya papa adui mwenye nia mbaya, anayekumbuka na anayefuata watu. Benchley baadaye aliumia na jambo hilo. Miaka yake ya mwisho kabla hajafa 2006 aliitumia kutetea papa wasimalizwe, na alisema akijua yale anayoyajua sasa asingekiandika kitabu kile tena.

#46 Mzamiaji_Watamu
Hii ni kweli na mimi nalipa bei yake kila wiki. Wageni wanauliza kwanza kuna papa? Nikisema nikiwa na bahati nitawaonesha papa shilingi, yule mkubwa mwenye madoa ambaye hana habari na mtu, anayechuja vijidudu tu, nusu wanafurahi nusu wanauliza kama mashua ni kubwa vya kutosha. Hicho ni kile kisemwa cha Brody kwenye muvi, kwamba watahitaji mashua kubwa zaidi. Na eti Roy Scheider, aliyecheza Brody, alikiropoka tu, hakikuwemo kwenye skripti.

#47 kusi_linavuma
Papa mweupe huku kwetu yupo kweli?

#48 Mzamiaji_Watamu
Nadra sana. Lakini yumo kwenye rekodi, Kenya, Zanzibar, Madagascar na Mauritius. Mimi sijamwona na sina haraka.

#49 Mkuku_wa_Jahazi
Mimi niwaambie ya jarife. Zamani tulitega jarife, lile la macho makubwa, ukitoa asubuhi unakuta papa, pingusi yule wa kichwa kipana, na taa. Papa akiingia jarife halii wala hapigani kama kwenye muvi, mara nyingi unamkuta amekwisha kufa maana hawezi kwenda mbele, na asipokwenda mbele hapumui. Unampindua, tumbo jeupe, mdomo umefumba nusu. Watoto ndio wanaoogopa meno. Sasa hivi unaweza kutega msimu mzima wakubwa wale huwaoni. Na ile miaka tuliyokatazwa kuvua usiku ndiyo ilituua kabisa, jarife hutegwa usiku. Sasa nani mla mwenzie hapo? Sisi tumemla papa kwa nazi na kwa chumvi tangu babu na babu. Yeye mimi hajanila.

#50 BintiShela
Mzee, hayo uliyosema yangekuwa kitabu.

#51 kaskazi_88
Halafu Spielberg aje atoe mke wa mtu atie mlipuko

#52 Resepsheni_Zamu_ya_Usiku
Kitu kingine hakuna aliyekigusa. Kitabuni Brody ni mzaliwa wa Amity. Kwenye muvi ametoka New York, anaogopa maji, hajui hata kufunga fundo, na wenyeji wanamkumbusha kila saa kwamba yeye ni wa kuja. Hiyo badiliko ni kubwa kuliko ya papa. Sisi tulishawahi kuletewa afande kutoka bara ambaye alikuwa akivuka tu kwenda Manda anavaa laifujaketi mbili, moja juu ya nyingine, na anashika ubao wa mashua mpaka vidole vinakuwa vyeupe. Vijana walimcheka miezi. Lakini mashua ilipopinduka mlangoni karibu na Shela, kwa upepo wa kusi, yeye ndiye aliyesimama jeti akipanga watu na taa usiku kucha, hakuondoka.

#53 Tezi_na_Omo
Hapo Spielberg tena. Mtu anayejua bahari akienda baharini ni kazi. Mtu anayeiogopa akienda, hiyo ni hadithi.

#54 BintiShela
Na mzaliwa anayelazimika kufunga bahari inayolisha ndugu zake, hiyo si hadithi? Brody wa kitabuni anajua kila duka litakalofungwa na mwenye duka anamjua. Wa New York hana cha kupoteza hapo.

#55 Mwalimu_Darasa_Wazi
Nikiongezea jambo la darasani: wanafunzi wangu hawasomi vitabu teule, wanangoja maigizo yanayozunguka shuleni, halafu kwenye mtihani wanaandika tukio alilolibuni mwigizaji. Mwaka juzi nilisahihisha insha kumi na mhusika ambaye hayumo kitabuni kabisa.

#56 Banda_la_Mtoro
Huyo ni shemeji ya meya mwalimu

#57 Mwalimu_Darasa_Wazi
😂 Leo umenipata.

#58 kusi_linavuma
Mwenye kujua: kile kichwa cha mvuvi Ben Gardner kinachotokea kwenye tundu la mashua, kitabuni kipo? Mimi hiyo ndiyo ilinitoa usingizi.

#59 Tezi_na_Omo
Hakipo. Kitabuni mashua inakutwa tupu. Spielberg aliona watu wamepiga kelele mara moja tu kwenye majaribio akataka nyingine, akapiga kichwa kile kwenye bwawa la kuogelea la mhariri wake Verna Fields huko California, wakatia maziwa kwenye maji yaonekane machafu ya bahari. Huyo mama akachukua Oscar ya uhariri, na muvi ikapata pia ya muziki na ya sauti.

#60 Fundi_wa_Matondoni
maziwa kwenye bwawa. watu wana pesa

#61 kusi_linavuma
@BintiShela umenishawishi nusu. Hicho kitabu kiko wapi sasa? Mimi niko Malindi.

#62 BintiShela
Changu ni cha simu. Cha karatasi anacho Tezi.

#63 Tezi_na_Omo
Nimeshampa jirani, anasoma kurasa mbili kwa siku. Akimaliza nitakitia kwenye basi la asubuhi uje stendi uchukue, lakini nauli ya mzigo ni yako.

#64 Banda_la_Mtoro
Na mimi nitumieni hiyo ya kwanza kwa flashi. Isiyo na DJ sitaki.

#65 kaskazi_88
Ya DJ aliyetafsiri ya kwanza sidhani kama ipo, labda ujaribu wale wa karibu na soko la zamani. Flashi yako ya GB ngapi?

#66 Banda_la_Mtoro
4. Ina nyimbo za harusi, usifute.